Dada Kadzo, Mbwa Wako Bado Ana Kijiti Shingoni

Shikamoo Dada.

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Nilikuwapo kule Jilore udongo ukirudishwa, na koleo la kwanza nililishika mimi, vijana wakanipokonya kwa kuogopa mgongo wangu. Basi nitakupa hali ya huku tu, na marahaba yako nitajipa mwenyewe.

Naandika kwa mkono wangu. Mwanao Safari alisema nimtamkie kwenye simu, yeye ataandika. Nikamkatalia. Wewe ndiwe uliyenisukuma nikakae darasa la ngumbaru na mvi zangu kichwani, ukaniambia aibu si kusoma uzeeni, aibu ni mtu mzima kupakwa wino dole gumba kama mtoto wa kliniki. Nikaenda kwa hasira. Nikawapita wote, hata mwalimu alisema. Herufi zangu ni kubwa na zimelala upande kama ua uliochoka, lakini anayejua kusoma atasoma.

Banda lako la makuti linakwenda. Nashona mimi. Wateja wakiuliza mkono wa nani nawaambia wangu, na wanalipa. Yule fundi wa kuezeka alirudisha fungu moja, ati mshono umelegea. Nikamwambia macho yake ndiyo yamelegea. Kigoda chako sijakikalia. Nimekiweka pale pale, najikunja chini kwenye mkeka, magoti yanalia.

Lakini sikuketi kuandika kwa ajili ya makuti. Ni Shauriyao.

Hapa Muyeye bado watu hucheka nikimwita mbwa huyo. Wanajua jina lile lilikuwa la kumjibu nani. Bi Zuhura, jirani yako wa ng'ambo ya ua, alisema mwanamke mjane hafugi mbwa katikati ya watu wanaoswali. Hukumjibu. Ulimpa mbwa jina, na tangu siku ile kila jioni ukawa unasimama mlangoni na kuita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, Shauriyao, Shauriyao, naye Bi Zuhura akigonga masufuria yake ya mahamri kukujibu. Miaka yote hiyo mlisemeshana hivyo. Mimi nilikuwa nacheka mpaka nakohoa.

Siku ile wodini ulinishika mkono, ukaniambia, "Charo, nakuachia mbwa. Mpe chakula, mpe maji, na usimfundishe upuuzi wako wa Kizungu." Nikasema sawa. Mtu anayekufa hujibiwa sawa.

Ulijua kwa nini ulisema. Wewe umenisikia ukachoka. Jinsi nilivyokuwa bawabu kwenye nyumba ya yule mzee Mtaliano kule ufuoni, mwenye mbwa wa manjano, mkubwa kama ndama. Kila asubuhi walishuka pwani, mzee akarusha kijiti majini na kupiga kelele, Porta! Maana yake lete. Na yule mbwa akaleta. Mwisho mzee magoti yakamshinda, kazi ile nikapewa mimi, na nakuambia tena, mbwa yule alinisikia mimi kuliko aliyemnunua. Hakuna mtu Muyeye hii anayejua mbwa kama mimi. Ulikuwa ukinikatiza hapo hapo. "Mbwa wangu ni Mgiriama," ulisema, "usimtie Kitaliano."

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana najua huko umeshanihukumu.

Tulipomaliza matanga, watu wakatawanyika, Safari akarudi Mombasa, nikabaki mimi na mbwa. Akalala mlangoni pako. Nikimpa chakula anakinusa halafu anageuza uso. Nikimwita kwa sauti yangu anatazama ndani ya nyumba, kama kwamba wewe ndiwe uliyemwita na uko jikoni. Mbavu zikaanza kuonekana. Dada, mimi sikulia kwenye matanga, watu waliniona, nilisimama kama nguzo. Lakini mbwa yule pale mlangoni... Basi.

Nikaona huzuni itamuua. Pale bandani palikuwa na vile vipande vya fito, zile ncha tunazozikata makuti yakishamaliza kushonwa, vimezagaa kila mahali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kufagia. Nikaokota kimoja, nikakirusha. Porta!

Mara ya kwanza alinitazama kama ulivyokuwa ukinitazama wewe. Nikaenda kukileta mwenyewe, nikarusha tena. Nikawa mimi ndiye mbwa. Siku ya pili akainuka, akakifuata taratibu, akakinusa. Halafu siku moja, sijui nini kilimfungua, alikimbia! Alikimbia masikio yakapepea, akakirukia kingali hewani, akaniletea, na jioni ile akala ugali wote na kulamba sahani.

Hilo asije mtu akaniambia vingine. Mbwa wako alifurahi. Nilimtoa kaburini, mimi. Watoto wa mtaa wakawa wanajaa uani kutazama, wanapiga makofi, nao wakajifunza kusema Porta, na mimi nikawa narusha mbali zaidi na juu zaidi ili waone mkono wa mzee.

Fito zile unazijua. Tunazikata kwa panga, kwa mshazari, mpigo mmoja. Kila kipande kina ncha huku na huku kama mkuki wa mchezo. Na pembeni ya ua Safari alikuwa amemwaga mchanga wa kujengea choo kipya. Siku moja nilirusha juu sana. Kijiti kikazunguka, kikashuka, kikasimama wima kwenye ule mchanga laini. Shauriyao alikuwa amekwisha kufika, mdomo wazi, mbio zote.

Alilia mara moja tu. 

Akarudi kwangu bila kijiti, anatembea kwa upande. Damu kidogo kwenye mdomo. Nikautazama ulimi, mzima. Nikakichomoa kijiti mchangani, nikakiona kizima, au nilikiona hivyo. Nikawaambia watoto si kitu, amejiuma, na kesho mje. Na mpaka leo nasema, kurusha sikukosea. Kijiti ndicho kilichoanguka vibaya. Vimeanguka vingapi vikalala chini kama vijiti vyenye adabu?

Kesho yake hakula. Akawa ananyoosha shingo na kumeza mate matupu, anameza, anameza, kama mtu aliyekwamwa na mwiba. Na usiku ule nilikuwa nimempa vichwa vya samaki. Nikasema, kumbe ni mwiba. Na mwiba dawa yake kwetu nani asiyeijua? Wewe mwenyewe ulinitibu nilipokwamwa na mwiba wa samaki changu, nikiwa mdogo, mama hayupo. Ulinifinyangia donge la ugali baridi, ukaniambia nimeze zima bila kutafuna, ukanisugua koo kwa kidole gumba mpaka likashuka na mwiba ukashuka nalo.

Nikamfanyia vile vile. Nikafinyanga donge, nikamfungua mdomo, nikalisukuma ndani mpaka kifundo cha mkono wangu kikapotea, nikamfunga taya, nikamsugua koo. Alitetemeka mwili mzima. Hakuniuma. Angeweza, meno yalikuwa juu ya mkono wangu. Akameza. Nikaona anaendelea kumeza mate, nikamfinyangia jingine.

Sipendi kuandika hapa lakini nimeshaanza.

Halafu chini ya taya pakavimba kama embe. Mdomo ukawa haufungi. Udende ukawa unaning'inia hadi chini, mrefu, mweupe. Akienda kwenye karai la maji anaweka pua, anarudi nyuma, anatetemeka, anaenda tena, anarudi. Nilikuwa nimesimama hapo natazama wakati Bi Zuhura alipotazama naye, juu ya ua. Akasema jina la Mungu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Unajua mtaa wetu. Ukikohoa huku, nyumba ya tatu wanakupa pole. Kabla ya adhuhuri mzee wa nyumba kumi alikuwa uani na vijana, wana marungu, mmoja ana jiwe la kusagia. Kichaa cha mbwa, wanasema. Mbwa anaogopa maji, ushahidi gani tena? Wakakumbushana mbwa wa kule Marereni aliyemuuma kibarua wa chumvi, na jinsi yule mtu alivyokufa. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake na kila mmoja alikuwapo.

Nikasimama mlangoni. Nikawaambia mbwa nawajua mimi, nimelea mbwa wa Wazungu, huyu hana kichaa. Ana nini basi? Nikasema ana mwiba. Mtoto mmoja akasema, lakini babu ulisema amejiuma ulimi. Nikamwambia anyamaze. Mzee wa nyumba kumi akaniuliza kwa upole, maana ananiheshimu, kama mbwa ameuma mtu. Nikasema hata mimi hakuniuma, na mkono nilimtia mdomoni mpaka hapa.

Dada, walirudi nyuma. Si kwa mbwa. Kwangu. Walitazama mkono wangu wakarudi nyuma wote, pakawa na uwanja mtupu kati yangu na watu niliowaona wakizaliwa.

Nilitaka kuwaambia ni kijiti. Hapo ndipo kijiti kilipoingia akilini mwangu, wakati marungu yameshainuliwa. Lakini nilikwisha kusema ulimi, nikasema mwiba. Na mtu akisema mambo matatu haaminiwi hata moja. Sauti yangu unayoijua, iliyokuwa inasikika hadi sokoni, ilitoka kama ya kuku.

Ndipo Bi Zuhura akatoka. Mikono ina unga. Nikasema moyoni, huyu ndiye amekuja kupiga wa kwanza.

Akasema, "Ngojeni kwanza. Muulizeni huyu mzee vile vipande vya fito vya Kadzo siku hizi vinakwenda wapi."

Watu wakatazamana. Mimi pia.

"Kila jioni Kadzo alikuwa akinipitishia gunia juu ya ua," akasema. "Tumenuniana, hatujanuniana, gunia lilikuja. Mahamri yangu yalichomwa kwa fito zake. Aliniambia haachi hata kimoja chini, maana mbwa atakichezea kimtoboe koo, na yule wake wa kwanza alikufa hivyo. Tangu amezikwa sijaona gunia. Naona vinarushwa."

Sikujua. Naapa kwa mama yetu sikujua. Nilikuwa naona jioni unainama na fagio unaokota kimoja kimoja, na mgongo wako ule, nikasema ni usafi wako wa kupita kiasi, nikakucheka. Yule mbwa wako wa kwanza nilikuwa kazini, nikaambiwa tu amekufa. Wodini ukaniambia upuuzi wa Kizungu, hukuniambia koo. Kwa nini hukuniambia koo? Ningekusikia.

Labda ningekusikia.

Marungu yalishuka kwa sababu ya yule mwanamke. Mzee wa nyumba kumi akasema mbwa afungwe kwenye nguzo ya banda na daktari wa mifugo aitwe. Nikamfunga mimi, nani mwingine angemgusa. Daktari akaja, binti mdogo, lakini ana utulivu, ana glavu ndefu za kufika kiwikoni. Akamtazama kutoka mbali muda mrefu. Akasema inaweza kuwa kijiti, inaweza kuwa kichaa, na kwa macho hatoweza kutenganisha. Akauliza mbwa alichanjwa lini.

Dada, ulikuwa ukimpeleka wewe. Nakumbuka unatoka naye na kamba, umevaa leso yako ya maua, unarudi jioni. Lini, sijui. 

Akanituma hospitalini nikachomwe sindano kwa ajili ya ule mkono, nikaenda, nikachomwa na bado narudi kuchomwa. Akakataza mtu yeyote kumgusa mbwa. Tungoje, akasema. Kama ni kichaa kitamuua upesi, na tutajua. Nikamuuliza, na kama ni kijiti, na kikamuua wakati tunangoja?  Akasema, "Mzee wangu, na hawa watoto wote hapa nitawafanyaje?"

Nikaenda kuuchukua mkeka. 

Tukangoja. Yeye kwenye nguzo, mimi ng'ambo ya banda kwenye mkeka, sishoni. Maji nilimsogezea kwa ufito mrefu, nasukuma karai mpaka limfikie, kwa sababu nilikatazwa kukaribia. Na kila nikiushika ule ufito, Dada, kila nikiuinua tu, alipiga mkia. Kichwa kimevimba, hawezi kufunga mdomo, hawezi kumeza, anaona kijiti mkononi mwangu na anajaribu kusimama. Alidhani tunacheza.

Nikautupa. Nikatafuta kipande cha bomba nikawa nasukumia hicho.

Asubuhi moja nikamkuta amelala kwenye usaha na damu, nikasema basi, yamekwisha, nikavua kofia. Akanyoosha ulimi akayanywa maji. Jipu lilikuwa limepasuka lenyewe. Daktari akaja, akaridhika kwamba si kichaa, kingekuwa kimeshammaliza. Akamlaza kwa sindano juu ya ile meza yako ya kupimia makuti, akamulika tochi kooni, akaniita nitazame. Nyuma ya ulimi palikuwa na tundu. Tundu safi, la duara, ungedhani la msumari. Akaingiza koleo jembamba akatoa kipande cha ufito, kifupi kama kiungo cha kidole, kimeoza. Nacho ugali. Ugali wangu, Dada. Nilikuwa nikisukuma kijiti kwa donge lile ulilonitibia wewe.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba ufito huchanika kama uzi, na vipande vidogo vimebaki vinavyotembea ndani ya nyama, na yeye hana macho ya kuviona. Vitavimba tena. Huenda shingoni, huenda vikateremka kifuani. Akasema anaona hayo mara kwa mara, mbwa wa mahoteli na mbwa wa mitaani, mwingine kijiti kimekwama kwenye kaakaa kati ya meno, mwingine amekimeza kikamtoboa utumbo. Watu hudhani hakuna mchezo salama kama kijiti, kwa kuwa ni cha bure na mbwa mwenyewe anakitaka. Yeye huwaambia warushe fundo la kamba, au kumbi la nazi. Wanaitikia, kesho wanarusha kijiti.

Nikamwambia yule mbwa wa Mtaliano hakuumia hata siku moja. Akaniuliza, baada ya hapo yule mbwa alikufa kwa nini? Nilikuwa nimeshaacha kazi. Sikuwahi kuuliza.

Haya ndiyo yaliyobadilika. Gunia linapita juu ya ua tena. Naokota mimi, kimoja kimoja, naelewa sasa mgongo wako. Bi Zuhura analipokea hasemi neno. Ijumaa huleta mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti, anasema ni ya mgonjwa, na hataji mgonjwa ni nani. Mbwa hamgusi wala hamtazami. Lakini nimemsikia, nikiwa chooni, ananong'ona kule uani, "Umeamkaje leo, Shauriyao?" Angejua nimesikia angehama mtaa.

Na watoto. Hili linaniuma kuliko sindano. Nimepita juzi njia ya kwenda pwani nikawasikia kabla sijawaona. Porta! Porta! Wana mtoto wa mbwa, mdogo, miguu haijanyooka, wanamrushia kijiti cha mkaratusi. Nikapiga kelele. Nikawakimbilia, mimi, na goti hili. Wakatawanyika wanacheka, halafu mmoja akasimama mbali, akasema kwa adabu kabisa, "Lakini babu, si wewe uliyetufundisha?"

Nikawaeleza koo, nikawaeleza tundu. Wakaitikia wote kwa pamoja, ndiyo babu. Nilipofika kwenye kona nikasikia tena. Nimewapelekea kumbi la nazi nimelifunga kamba. Wamelifanya mpira. Mtaa mzima sasa unasema neno langu, Dada, na hakuna ninayeweza kumnyang'anya mdomoni.

Shauriyao alipona, akanenepa kidogo, akavimba tena. Daktari akapasua, akasafisha. Akapona. Sasa amevimba mara nyingine, lakini si kwenye taya. Ni chini, karibu na kifua, na akivuta pumzi pana mluzi. Chakula hali. Namfunga kamba kwa sababu akiachwa huenda kujificha kwenye kichaka cha nyuma, na huko siwezi kuingia kumtoa. Daktari alimsikiliza kifua jana, akavua vile vitu vyake masikioni polepole. Amesema kikishafika huko yeye hana tena kisu cha kukifuata. Ana sindano moja tu iliyobaki, ile ya kumlaza moja kwa moja. Atarudi Jumamosi. Anataka neno langu.

Ndiyo maana naandika. Mimi ambaye maisha yangu yote sikuomba ushauri, niliyeuza ng'ombe wa baba bila kumuuliza mtu, safari hii nimeuliza. Nimempigia Safari, akasema, "Mjomba, mbwa ni wako sasa." Si wangu. Nikamuuliza Bi Zuhura juu ya ua, mchana kweupe, watu wanapita. Akajifuta mikono kwa muda, akasema muulize mwenyewe Kadzo.

Basi nakuuliza. Nimekaa hapa na kalamu tangu asubuhi nikiacha nafasi chini ya mstari kama mwalimu alivyotufundisha, ya jibu. Mbwa amelala, mluzi unakwenda na kurudi. Nilitaka uniambie ngoja, kitapasuka chenyewe kama mwanzo. Ungeniambia hivyo ningekung'ang'ania milele, ningemwambia daktari aende zake, mbwa nawajua mimi. Lakini nimemtazama leo. Hata mkia umeacha.

Nafasi ni tupu. Nimeielewa.

Nitalitoa mimi neno. Jumamosi nitamwambia binti yule ndiyo. Sitamwambia mtu mwingine amshikie, wala sitakwenda dukani kujifanya nina shughuli. Nitamzika nyuma ya banda lako, ndani kabisa, na Bi Zuhura akitaka kusimama upande wake wa ua atasimama.

Kaa kwa amani huko Jilore, Dada yangu. Mvua ya vuli ikianza nitakuja kung'oa magugu, na utaniambia yote uliyoyaweka moyoni, nitasikiliza bila kukukatiza. Lakini la Jumamosi nakuahidi leo. Hatachomwa sindano akiwa amefungwa. Kamba nitaifungua kwanza, nitakaa naye chini, nitamlaza kichwa pajani pangu, nimshike kwa mikono yote miwili, ili aone wazi kwamba sina kitu mkononi.

Mimi nduguyo,
Charo